Kadi Iliyo Ndani ya Mlango

Saa tisa usiku Winnemucca, theluji haijaamua kama ianguke,
nami nina funguo kumi na saba kiunoni
na kitambaa cha kufutia alama za vidole.
Babu yangu Beñat alichunga kondoo kwenye milima hii ya Nevada,
akiwahesabu kila jioni, akikosea, akianza upya.
Mimi nachunga mashine mia mbili na nne
zinazojihesabu zenyewe.

Ile ya kona, karibu na msalani, ni kongwe.
Ina mkono wa kweli, wa chuma, uliong'arishwa na viganja.
Uvute: springi inakaza, meno yanaachia,
vigurudumu vitatu vinakimbizana.
Kila kimoja kina tundu; matundu yakilingana
kijino kinadumbukia, sarafu zinamwagika.
Cheri, limau, kengele.
Ukiwa na sikio unausikia wizi wake:
ni wa wazi, wa grisi na vyuma,
kama mchuuzi anayepunja mizani mbele ya macho yako.

Zilizofuata zilibaki na vigurudumu,
ila akili ikahamia kwingine.
Ndani mna chipu, udogo wake ukucha,
inayotapika namba, maelfu kila sekunde,
hata sasa, hata kiti kikiwa kitupu,
hata Soledad akipitisha ufagio chini yake.
Ukibonyeza, umechota namba moja
kama aliyechovya kikombe mtoni.
Basi. Umeshakula au umeshaliwa.
Yale magurudumu yanayopunguza mwendo,
ile saba ya tatu inayochungulia ukingoni
halafu inajuta,
ni ngoma ya harusi inayopigwa
ilhali bibi arusi ameshalala.

Na zile za skrini, jamani!
Nyati, mafarao, joka linalopiga chafya ya dhahabu,
mistari hamsini iliyopindana kama utumbo.
Unaweka dola, inakurudishia senti thelathini
na kukupigia vigelegele.
Nimewaona watu wazima wakipongezwa kwa kupoteza.
Nyingine zimeunganishwa kwa waya, mji hadi mji:
mtu akiliwa kule Elko,
namba iliyo juu ya kichwa chako inapanda kidogo.
Mchango wa wengi, mvunaji mmoja,
naye hayupo hapa.

Orval Tregaskis huketi namba mia na kumi na nane.
Halewi. Hatukani.
Hupapasa kioo kabla ya kubonyeza,
kama anayembembeleza ng'ombe asirushe teke.
"Imekaribia, Graciana. Imekula wiki nzima.
Lazima itapike."

Usiku huu noti yake ilikwama, nikafungua mlango.
Hajawahi kuona ndani. Akainama, mikono magotini.
Nikamwambia nisichoruhusiwa kusema:
haijala kitu, haina tumbo.
Haina deni lako. Kila bonyezo ni la kwanza.

"Kwa hiyo hainijui?"
"Haikujui."
"Miaka sita?"
"Hata dakika."

Nilidhani ataondoka.
Mshahara wangu haukutaka, lakini mimi nilitaka.
"Mji huu wote unanijua," akasema.
"Dukani wananijua. Kanisani wananyamaza nikiingia.
Mimi ndiye niliyewaambia wale vijana wanne washuke shimoni.
Nilisema mbao zitahimili."

Akaomba noti yake ya dola ishirini,
akainyoosha juu ya paja, polepole,
kama anayepiga pasi shati la mazishi.

Ndani ya kila mlango kuna kadi:
tarehe, saa, aliyefungua, sababu.
Ndiyo kumbukumbu pekee iliyomo humo,
nayo ni yetu, si ya mashine.
Nikaandika: saa tisa na robo. G. Urrutia.
Kwenye sababu kalamu ilisita.
Noti imekwama.

Nikafunga, nikazungusha ufunguo.
Sijafika hatua ya tatu
nikasikia nyuma yangu vigurudumu vikianza,
vikizunguka kwa bidii, vikipunguza mwendo,
kuelekea jambo lililokwisha kutokea.